Saa 718 Ambazo Afisa Hayupo

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Afisa ustawi wa jamii mwenye bidii, mwenye nauli mfukoni na asiyeitwa kwenye vikao vya ghafla, anaweza kumtembelea mtoto mmoja mara mbili ndani ya mwezi huo na kukaa naye saa moja kila mara. Zinabaki saa 718. Katika saa hizo mtoto yuko na mama, baba wa kambo, bibi, kaka, shangazi, mpangaji wa chumba cha pili na jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Hao ndio watakaomsikia akilia usiku, watakaojua kama amekula, na watakaoona kwanza akianza kubadilika.

Hesabu hii ndogo ndiyo inayopaswa kuongoza mjadala wa namna watumishi wa ustawi wanavyoshirikiana na familia. Mara nyingi mjadala wenyewe huishia kwenye tabia njema: afisa awe mpole, asiwe na majivuno, awaamkie wazee. Adabu ni jambo jema, ila haielezi kwa nini heshima ni ya lazima katika kazi hii. Heshima ni nyenzo ya kumlinda mtoto. Familia iliyodhalilishwa hufunga mdomo. Humsafirisha mtoto mkoa mwingine kwa basi la alfajiri, au humfundisha kusema "tunaishi vizuri" kila anapokuja mgeni mwenye faili. Familia iliyoheshimiwa hupiga simu yenyewe mambo yanapoanza kuharibika. Afisa anayetaka mtoto awe salama katika zile saa 718 lazima apate mtu ndani ya nyumba ile ile wa kushirikiana naye.

Mamlaka yatajwe mapema

Mafunzo mengi huupitia juu juu ukweli huu: afisa na mzazi hawako sawa. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao, na afisa ustawi ndiye anayeutekeleza. Mwananchi mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa anatakiwa kuitoa kwa mamlaka hizo. Afisa anaweza kumwita anayelalamikiwa wazungumze. Akikaidi, jambo linakwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru mtoto alelewe kwingine au malezi yake yawekwe chini ya usimamizi. Kenya nayo, kupitia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, imempa afisa wa watoto nguvu kubwa juu ya maisha ya familia. Mama anayefungua mlango anayajua haya hata kama hajasoma kifungu kimoja. Alichosikia mtaani ni kwamba watu wa ustawi wanachukua watoto.

Kwa hiyo afisa anayejifanya amepita tu kusalimia anaanza kwa uongo, na uongo huo utajulikana kabla ya wiki ya pili. Ushirikiano wa kweli huanza kwa kutaja mamlaka waziwazi: nani amenituma, nimeambiwa nini, naweza kufanya nini, siwezi kufanya nini, na ninyi mna haki gani. Mtu anayejua mipaka ya mgeni wake hutulia. Anayeikisia hujihami.

Kuna pia ujumbe unaofika kabla ya maneno. Gari la serikali za mitaa, lenye namba za SM, likisimama mbele ya nyumba, wakashuka afisa, mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili, majirani wameshahukumu kabla hodi haijapigwa. Ziko nyakati ambapo askari wanahitajika, na tutazifikia. Lakini kwa mashauri mengi msafara huo unaharibu kuliko unavyosaidia. Kujitambulisha kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa ni utaratibu unaoeleweka, na unampa afisa usalama wake. Utaratibu huo haumlazimu mwenyekiti kujua undani wa shauri, wala kukaa kwenye mkeka akisikiliza jinsi mama alivyopigwa na mumewe. Afisa anaweza kusaini kitabu cha wageni, akaeleza kwamba ana kazi ya halmashauri katika mtaa huo, kisha akaenda kwa miguu na mwenzake mmoja.

Swali la kwanza

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye sura ya mashauri mengi. Mwalimu ametoa taarifa kwamba mvulana wa miaka tisa amekuja shuleni na alama za fimbo mgongoni. Mtoto analelewa na bibi yake. Mama yuko mjini, anafanya kazi za ndani. Afisa anafika, anafungua faili magotini na kuuliza: "Bibi, kwa nini unampiga mtoto?" Swali hilo limeshatoa hukumu. Bibi amebakiwa na majibu mawili, kukana au kujitetea, na hakuna hata moja linalomsaidia mjukuu.

Afisa mwingine anapiga hodi, anakaribishwa, anatoa shikamoo, anakaa alipoonyeshwa. Faili liko mkobani. Wakishajuliana hali anasema: "Bibi, mimi ni afisa ustawi, nimetoka halmashauri. Shuleni wameona alama mgongoni mwa mjukuu wako, wakatupa taarifa. Kazi yangu ni kuhakikisha yuko salama, na nikiona hayuko salama nina wajibu wa kuchukua hatua, sitakuficha. Ila wewe ndiye unayemjua. Mimi namjua kwa karatasi tu. Naomba unisimulie siku yake inavyokwenda, tangu anapoamka."

Bibi anaanza na maji: mtoto huamka kuchota maji. Halafu anafika kwenye shuka. Tangu mama aondoke mtoto anakojoa kitandani, godoro ni moja, wanalala watatu, na siku ile alimchapa baada ya usiku wa tatu bila usingizi. Hakuna lolote kati ya hayo linalohalalisha fimbo, na afisa hana haja ya kujifanya linahalalisha. Lakini sasa ana pa kuanzia: mtoto anayemlilia mama yake, mlezi aliyechoka, godoro, zahanati, na mama anayepatikana kwa simu. Afisa wa kwanza ameandika "mlezi amekana." Wa pili amepata mambo matano ya kufanyia kazi wiki hiyo hiyo, na bado hajazungumza na mtoto mwenyewe, faragha, jambo asilotakiwa kuondoka bila kulifanya.

Huko Australia ya Magharibi, katika miaka ya 1990, Andrew Turnell na Steve Edwards walikaa na watumishi wa ulinzi wa watoto wakatengeneza utaratibu uliojengwa juu ya maswali matatu: tunahofia nini, nini kinakwenda vizuri, na nini kifanyike. Swali la pili ndilo ambalo maafisa wengi hulisahau, kwa sababu faili hufunguliwa na tatizo. Bibi huyu amemwandikisha mjukuu shule, anamlisha, na majirani wanasema huwa hamwachi peke yake usiku. Kuyaandika hayo ni kumtendea haki, na pia kunamwonyesha afisa sehemu gani ya nyumba hiyo tayari ina nguvu.

Utaratibu huo una kipimo rahisi. Kila mhusika anataja namba kati ya 0 na 10: sifuri maana yake mtoto yuko hatarini kabisa, kumi maana yake usalama wake unatosha na shauri linaweza kufungwa. Bibi akisema 8, mwalimu akisema 4 na afisa akisema 5, mazungumzo yamepata mwelekeo. "Mwalimu, umeona nini hadi ukasema 4? Bibi, nini kifanyike ili mwalimu naye afike 6?" Kila mmoja analazimika kutaja kitu kinachoonekana, na shutuma za jumla zinakosa nafasi.

Uhaba usiitwe ukatili

Sehemu kubwa ya kinachoitwa uzembe wa wazazi ni uhaba. Mama lishe anaondoka saa kumi usiku kwenda kuwasha moto, anamfungia mtoto wa miaka minne ndani na dada yake wa miaka saba. Hatari ni ya kweli: moto, ugonjwa, mtu mbaya. Lakini kumwita mama huyo mzembe hakuongezi hata shilingi kwenye kipato chake, wala hakuzai mtu wa kukaa na watoto alfajiri. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Uchukuliwe kuwa dalili kwamba familia inahitaji msaada.

Hapa ndipo familia hupima kama afisa ni mshirika au mkaguzi. Anayekuja na orodha ya makosa tu anapokelewa kama mkaguzi. Anayejua dirisha la misamaha ya matibabu hospitalini, anayejua kama kaya inastahili kuingia kwenye mpango wa kusaidia kaya maskini wa TASAF au, kwa Kenya, Inua Jamii, na anayeweza kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu sare, huyo maneno yake kuhusu malezi yatasikilizwa. Mama lishe yule huenda akahitaji jirani mmoja anayeaminika, mpango wa malipo kidogo kwa wiki, na chekechea inayopokea watoto mapema. Afisa hatatoa hivyo vyote mfukoni mwake. Anaweza kukaa na mama wakavitafuta pamoja, na kumuuliza kwanza yeye mwenyewe ameshajaribu nini. Mara nyingi ameshajaribu mengi, na ushauri unaomwambia afanye alichokwisha kushindwa kufanya humthibitishia kwamba mgeni hajui maisha yake.

Ahadi nazo zina uzito. Afisa akisema "nitakuletea jibu Jumatano," Jumatano ipite kimya, amepoteza zaidi ya siku moja. Afadhali aahidi kidogo: "Nitauliza. Sijui kama watakubali. Ijumaa nitakupigia hata kama sina jibu."

Familia ipange yenyewe

Mfano unaotajwa sana wa kuipa familia nafasi ya kuamua ulitoka New Zealand. Kamati iliyoongozwa na John Rangihau, mzee wa Kimaori, ilizunguka nchini ikiwasikiliza watu kwenye marae, viwanja vyao vya mikutano ya kimila, kisha mwaka 1986 ikatoa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba idara ya ustawi inawachukua watoto wa Kimaori na kuwapeleka kwa watu baki au kwenye taasisi, maamuzi yakifanywa ofisini bila kuwauliza ndugu. Sheria ya mwaka 1989 ikaja na kikao cha familia kama hatua rasmi ya kisheria.

Kikao hicho kina sehemu tatu. Kwanza, watumishi wanaeleza walichokiona na wanachokihofia, na familia inauliza. Pili, watumishi wote wanatoka nje na familia inabaki peke yake. Inajadili, inagombana ikibidi, na kuandika mpango. Tatu, watumishi wanarudi, mpango unasomwa, na unakubaliwa endapo unamhakikishia mtoto usalama. Usipomhakikishia, wanasema kwa nini, na mazungumzo yanaendelea. Sehemu ya pili ndiyo moyo wa utaratibu wote. Mjomba ambaye hangethubutu kumkosoa dada yake mbele ya afisa anaweza kumwambia ukweli wakibaki wao kwa wao. Shangazi atamtaja mlevi kwa jina. Na mpango uliotoka kwenye midomo yao una watu wa kuusimamia siku ambazo afisa hayupo.

Msomaji wa Afrika Mashariki atasema hili si geni, vikao vya ukoo tumevikuta. Ni kweli, na ni mtaji mkubwa. Lakini vikao vyetu vina desturi zinazoweza kumwangamiza mtoto yule yule: wazee wa kiume ndio wasemaji, mama wa mtoto yuko jikoni anapika chai, mtoto ametumwa dukani. Kwa hiyo kazi kubwa ya afisa hufanyika kabla ya kikao. Anawatembelea wahusika mmoja mmoja, upande wa kuumeni na wa kukeni. Anamuuliza mama kama kuna mtu anayemwogopa. Kama mume anampiga, hawaketishwi pamoja kwa jina la maelewano. Anamuuliza mtoto ni nani kati ya ndugu zake anamwamini, na mtu huyo, awe shangazi au kaka mkubwa, anapewa kazi moja: kusema kwa niaba ya mtoto. Na anahakikisha ajenda ni moja, maana kikao cha mtoto kikiingiliwa na deni la mahari au ugomvi wa shamba, mtoto husahaulika kabla ya chai kupoa.

New Zealand ina somo la pili, lenye uchungu. Miaka 30 baada ya sheria ile, mwaka 2019, watumishi walijaribu kumchukua mtoto mchanga wa mama kijana wa Kimaori hospitalini huko Hawke's Bay. Video ya tukio hilo ilizua hasira nchi nzima na uchunguzi kadhaa, na mwaka 2021 Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, lilitoa ripoti nzito kuhusu mwenendo wa idara ya watoto, Oranga Tamariki. Kikao kinaweza kuwepo kisheria huku maamuzi yakiendelea kufanywa kabla wanafamilia hawajaketi. Familia zinatambua haraka zinapoitwa kuja kuidhinisha kilichokwisha kuamuliwa.

Mahali pasipo na mapatano

Wapo watakaosema ushirikiano ni jina zuri la kuoneana haya. Hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kila anayefanya kazi hii anajua kinachofuata mara nyingi: wazee wanakutana, faini inatajwa, ng'ombe wanahamishwa zizi, binti anaambiwa anyamaze ili asilitie aibu jina la ukoo, na shahidi muhimu anasafiri siku ya kesi. Hayo huitwa kuyamaliza nyumbani.

Kikao cha familia hakina mamlaka ya kumaliza kosa la jinai. Ubakaji, ulawiti, ukeketaji na majeraha makubwa vinakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto anakwenda hospitali au kituo cha mkono kwa mkono, chenye huduma zote mahali pamoja, bila kusubiri maoni ya mjomba. Mtuhumiwa anayeishi nyumba moja na mtoto anatenganishwa naye, na inapowezekana anayeondoka awe yeye, mtoto abaki kwenye kitanda chake na shule yake. Afisa anayeogopa kusema hivi kwa sababu amekunywa chai ya nyumba ile ameacha kazi yake.

Hata hivyo, ukali juu ya kosa hauondoi heshima kwa watu. Mama ambaye mumewe amekamatwa kwa kumdhuru binti yao amepoteza mume, kipato na uso wa kutokea mtaani kwa siku moja. Akiulizwa kwa kejeli "ulikuwa wapi siku zote hizo?" atarudi upande wa mumewe, na binti atabaki bila mtu. Akielezwa hatua kwa hatua kitakachotokea, nani atampigia, binti atahojiwa wapi na mara ngapi, na nyumba italipiwaje kodi mwezi ujao, ana sababu ya kusimama na mwanawe. Kesi nyingi hufia hapa.

Njia iliyo salama ni kuyatenganisha mambo mawili tangu mwanzo na kuyataja mbele ya wote. Kuna masharti yasiyojadiliwa: mtoto hachapwi tena, mtu fulani halali tena nyumba hii, kliniki haikoswi. Na kuna njia za kuyafikia, ambazo familia inazichagua. Masharti yakiwa machache na wazi, familia inaona mahali ambapo sauti yake inahesabika kweli.

Karatasi inayobaki nyumbani

Mipango mingi ya ustawi huandikwa, hugongwa muhuri na kulala kabatini ofisini. Mzazi aliyetia saini au dole gumba hana nakala. Baada ya mwezi anaulizwa kwa nini hajatimiza jambo ambalo hakumbuki kuliahidi. Ushirikiano unadai karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, au kwa lugha ya nyumbani pale inapowezekana, inayobaki nyuma ya mlango au ndani ya kadi ya kliniki: nani atafanya nini, lini, na asipoweza ampigie nani. Ahadi za afisa ziandikwe humo humo, na tarehe zake. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, inayotumika Tanzania na Kenya, nayo iwepo.

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo ripoti ya afisa inayokwenda mahakamani inaweza kusomwa na mzazi kabla hakimu hajaiona. Isomwe. Mzazi asikie kilichoandikwa juu yake, na pale asipokubaliana, maneno yake yaandikwe pembeni kama alivyoyasema. "Mama ana tabia ya ukaidi" ni maoni ya mwandishi. "Mama alisema hatakwenda kliniki kwa sababu mara ya mwisho alitukanwa na muuguzi" ni taarifa, na inaonyesha pa kurekebisha.

Suala la lugha ni zito zaidi kwa ndugu zetu walio mbali. Marekani, ambako familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimehamishiwa kama wakimbizi, sheria ya mwaka 1997 inaelekeza, isipokuwa kwa sababu maalumu, majimbo yaanze kuomba mahakama ifute haki za mzazi pale mtoto anapokuwa amekaa kwenye malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Mzazi asiyeelewa barua aliyoletewa anapoteza miezi hiyo bila kujua kwamba inahesabiwa. Na mtoto asifanywe mkalimani wa shauri linalomhusu yeye mwenyewe. Atalainisha maneno ya mama ili asiadhibiwe, au atayaficha ya afisa ili mama asilie.

Mtoto anapolazimika kuondoka

Ipo siku afisa atalazimika kumtoa mtoto. Hata siku hiyo uhusiano na familia haukomi, kwa sababu lengo la kawaida ni arudi. Swali la kwanza liwe: kwa ndugu gani? Ndugu wa mama wasisahaulike kwa sababu tu mtoto ana jina la ukoo wa baba, wala wa baba kwa sababu hawakuwahi kuoana. Kwa familia za Kiislamu za Pwani ya Kenya na kwingineko, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, malezi ambayo mtoto anapokelewa na kutunzwa bila kubadilishiwa nasaba. Afisa anayeijua njia hiyo anaweza kuzungumza na familia iliyokataa katakata habari ya kuasili. Mkakati wa mageuzi ya malezi wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unaelekea huko huko, kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia na jamii, na kazi hiyo haiwezekani kama wazazi walisahaulika siku mtoto alipopelekwa makaoni.

Mambo madogo ndiyo yanayomweka mzazi kwenye nafasi yake: kupigiwa simu mtoto anapougua, kupewa nakala ya matokeo ya shule, kuulizwa mtoto hupenda kula nini na humwogopa nani, kuruhusiwa kuleta shuka lake. Mlezi mpya naye atambulishwe kwa mama, kama usalama unaruhusu. Mtoto anayeona watu wake wawili wakisalimiana hahitaji kuchagua upande.

Afisa na ofisi yake

Haya yote yanaonekana ndoto kwa afisa mmoja anayehudumia kata kadhaa bila pikipiki. Ndiyo maana si haki kuuacha mzigo wa heshima kwenye tabia ya mtu mmoja. Rwanda ilijaribu kuugawa. Kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, waitwao inshuti z'umuryango, marafiki wa familia, zaidi ya 29,000 kwa nchi nzima. Wanaishi hapo hapo, wanaona mapema, na wanamwita mtumishi wa serikali jambo linapozidi uwezo wao. Tanzania ina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Zinapofanya kazi, zinaweza kuwa masikio ya kila siku, ilimradi wajumbe wake wafundishwe kutunza siri. Jirani anayejua kila kitu na kukisambaza kisimani ataifunga midomo ya familia zote za kijiji.

Vifaa na ajira mpya vitahitaji bajeti, na bajeti itachukua muda. Lipo jambo ambalo halmashauri au kaunti yoyote inaweza kulianza mwezi huu bila fedha. Msimamizi achukue majalada matano kila mwezi, bila kuchagua, na katika kila moja atafute vitu vinne: maneno ya mzazi kama alivyoyasema, majina ya angalau ndugu wawili, mmoja kutoka kila upande, maelezo ya lini afisa alizungumza na mtoto faragha, na uthibitisho kwamba nakala ya mpango ilibaki nyumbani. Jalada lililokosa kimojawapo lisifungwe. Lirudishwe kwa afisa, na afisa apewe siku na nauli ya kurudi kwenye nyumba ile.